Sadaka ya Ebeneza Mgaya

Ebeneza Mgaya wa Makambako aliweza kuutazama mti wa paina uliosimama akakwambia utatoa mbao ngapi. Karatasi ndizo zilizomshinda. Moto ulipoteketeza miti aliyoinunua kwa mkopo kule Wanging'ombe, mahakama ikamtangaza amefilisika. Nyumba ikauzwa, gari likauzwa. Akaachiwa msumeno wa injini tu, kwa kuwa fundi hanyang'anywi kifaa cha kazi. Kwa msumeno huo alipasua mbao za watu, jioni akarudi na unga.

Mwezi wa nne ikaja barua kutoka kwa msimamizi wa ufilisi wake. Ukurasa wa kwanza ulisema salio la deni, milioni kumi na nane, limesamehewa. Ebeneza hakufika ukurasa wa pili. Alipiga magoti palepale akalia kama mtoto, na nani angemlaumu?

Jumapili akapeleka shukrani. Pesa hana, basi akaitia barua yenyewe kwenye bahasha, akaipeleka madhabahuni pamoja na debe la viazi. Viazi vikanadiwa nje baada ya ibada, kama kawaida. Bahasha mzee wa kanisa akaifungia kabatini, na kilichokwisha kutolewa kwa Mungu hakirudiwi.

Njiani mkewe, Fidelia, akamwuliza, "Lakini uliisoma yote?"

"Mama Telesia, neno msamaha linahitaji kurasa ngapi?"

Lilihitaji mbili. Ukurasa wa pili ulikuwa fomu ya kusaini na kupeleka ofisi ya kodi Njombe ndani ya siku thelathini, ijulikane kwamba deni lilisamehewa mtu akiwa amefilisika. Isipofika, msamaha unahesabiwa kuwa kipato cha biashara, na kipato kina kodi.

Siku ya arobaini na moja Ebeneza alikaa mbele ya Lightness, dada wa ofisi ile, mkononi ana hati aliyoletewa: alipe, la sivyo msumeno utachukuliwa, maana kodi haibagui kifaa cha kazi.

"Kamwene, baba," dada akamsalimia. "Hii ni kodi ya zile milioni kumi na nane."

"Mwanangu, hizo sikuzishika. Nilisamehewa tu."

"Kisheria umezipata."

Ebeneza alijiona mnyonge kuliko siku ya moto. Moto angalau aliuona ukija.

Lightness hakuwa na roho mbaya. Alitoa karatasi ya kuombea radhi ya kuchelewa, akashika kalamu. "Nikuandikie sababu gani? Zipo ugonjwa, msiba na safari."

"Sikuugua, mwanangu. Wala sikusafiri."

"Nisaidie nikusaidie, baba. Fomu ilikuwa wapi siku zote hizo?"

"Kanisani. Niliitoa sadaka ya shukrani."

Kalamu ikasimama. Dada akaitazama ile karatasi juu mpaka chini, akatafuta pa kuliweka neno hilo, asipaone. Mwishowe akaandika: Hana sababu.

Jumamosi Ebeneza aliutia msumeno mafuta, akaunoa mnyororo jino kwa jino, ili watakaokuja kuuchukua wasije wakasema aliwapa kibovu.