Vernie Sizemore na Bastola ya Chini ya Meza

Vernie Sizemore ana miaka sabini na moja, na bado anapanda mlima ulio nyuma ya nyumba yake huku akitafuna tumbaku. Ni jirani yangu hapa bondeni, mashariki ya Kentucky, tangu nizaliwe. Kwa hiyo mtu asije akaniambia mama huyu ni dhaifu, tutakosana.

Mwezi wa nne nyoka aliingia kwenye banda la kuku. Vernie akachukua bunduki ya marisau ya marehemu mumewe, akamuua nyoka, lakini teke la bunduki likamwangusha chali na kumvunja mtulinga. Mwanawe Rodney akaja mbio kutoka Ohio. Nyumba iuzwe, akasema, mama ahamie kwake ghorofani.

"Kule kwangu nyoka hawaishi, mama. Na bunduki huiwezi tena."

"Kubwa siiwezi. Nitatafuta ndogo."

"Kwa vidole hivyo?"

Vidole vya Vernie vimepindishwa na baridi yabisi. Rodney akacheka, na kicheko kile kinaniudhi hadi leo. Wakakubaliana: mfupa ukishaunga apate bastola, na Jumapili itakayofuata apige risasi tano kwenye mfuniko wa kopo la kahawa, umbali wa hatua saba. Zikiingia tatu, anabaki. Zikipungua, anafunga mizigo.

Mfupa ulipounga, Jumamosi moja nikampeleka gulioni. Hobart Gayheart, muuza silaha kuukuu, akamtolea bastola fupi inayong'aa kama kijiko kipya. Akaifungua kumwonyesha kwamba ni tupu, kisha akaifunga kwa kuutupa mkono, kigurudumu cha risasi kikajibamiza ndani. Vernie akarudisha mikono mfukoni.

"Umeifunga hivyo mara ngapi, Hobart?"

"Siku zote. Si ndivyo wanavyofanya kwenye sinema?"

"Basi umeshaipinda shingo inayoshika kigurudumu. Kaa nayo."

Vernie akainama, akachokora sanduku la chini ya meza, akaibuka na bastola nyingine fupi, ya bei ya chini tangu ilipotoka kiwandani, kongwe kuliko mimi. Rangi ilikuwa imebanduka, mpini umezungushiwa utepe wa mafundi umeme. Akaomba ruhusa ya kuijaribu kwanza, kama ilivyo adabu yetu. Akaifungua, akatazama matundu yote matano, akanionyesha na mimi. Kisha akakandamiza kidole kwenye kigurudumu ili kiende kwa shida, akavuta nyundo ya bastola polepole. Kigurudumu kikajifunga mahali pake kabla nyundo haijafika mwisho. Akarudia tundu baada ya tundu, na yote matano yakawa hivyo hivyo, dalili kwamba ndani haijachakaa. Springi ilikuwa imelainika kwa miaka, hata kidole chake kilichopinda kikaimudu.

"Hiyo ni ya kuzuilia mlango, shangazi," Hobart akasema.

"Mlango wangu umelegea. Nipe."

Akampa noti chache na chupa mbili za jemu ya tufaha, tukaondoka.

Jumapili, baada ya kanisa, Rodney akautundika mfuniko kwenye nguzo ya ua, kilima kikiwa nyuma yake. Risasi ya kwanza ikatimua vumbi chini ya mfuniko. Ya pili, palepale. Rodney akanitazama kwa huruma ya kinafiki, nusura nimtukane. Zilibaki tatu, na hakuna hata moja ya kupoteza.

Vernie akaishusha bastola, akalitazama lile vumbi bila haraka.

"Inapiga chini," akasema, kana kwamba anamzungumzia mbuzi mkaidi.

Akalenga juu kidogo ya ukingo. Ya tatu ikalia kwenye bati. Ya nne ikalia. Ya tano ikaung'oa mfuniko, ukaanguka majanini.

Nililia, na sioni haya kusema. Rodney akauokota mfuniko, akahesabu matundu kwa kidole, akahesabu tena. Vernie akatoa maganda ya risasi, akaitia bastola kwenye mfuko wa aproni.

"Maharage yako jikoni, na mkate wa mahindi," akamwambia mwanawe. "Kula ushibe, kisha uende kwako. Mimi niko kwangu."