Papa Ndani ya Mji Uliozingirwa

Baada ya kumzika mama kule Kalehe, nilimchukua papa aje kuishi nami Bukavu. Alikuwa mwalimu wa historia aliyestaafu, mtu wa maneno mengi, lakini mwaka ule alinyamaza. Nikimwuliza kama ameshiba, anaitikia kwa kichwa tu. Jioni aliketi barazani akitazama ziwa mpaka nimwite ndani.

Nilikuwa sekretere katika ofisi ya maendeleo ya kanisa. Tulikuwa na ordinatere moja, kompyuta ya mezani, na mzungu mmoja aliyerudi kwao alikuwa ameacha ndani yake mchezo wa vita vya kale: unajenga mji, unaulinda kwa ukuta na askari. Mkubwa wangu aliniruhusu kuucheza Jumamosi, kazi ikiisha. Jumamosi moja nikaenda na papa, kwa sababu sikupenda kumwacha peke yake.

Siku hiyo mji wangu ulikuwa umezingirwa. Adui walikuwa wamepiga kambi pande zote, chakula ghalani kinapungua, nami nimefunga milango. Papa akasogeza kiti.

"Unangojea nani?"

"Sina mutu wa kungojea, papa. Nachunga ukuta tu."

"Basi utakufa na njaa ndani ya ukuta muzuri."

Nikatoa askari wote kwa lango kubwa. Wakafyekwa mbele ya macho yetu.

"Rudisha nyuma," papa akasema. Nikaurudisha mchezo pale nilipokuwa nimeuhifadhi. Alikuwa amesimama sasa, kidole juu ya kioo kama mbele ya ubao. "Adui, bo pia banakula. Chakula yabo iko wapi?"

Tukatafuta. Nyuma ya kilima tukayaona magari ya ng'ombe yamejaa nafaka, na walinzi wachache.

"Askari wa miguu bapige fujo ku lango kubwa," akasema. "Farasi bapite mulango wa mutoni, polepole."

Farasi walipokuwa wanavuka mto, umeme ukafifia. Tukangojea mpaka uliporudi sawasawa. Kisha magari yakawaka moto, na baada ya muda mahema ya adui yakaanza kung'olewa, moja baada ya jingine. Papa akajipiga paja, akacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu mazishi.

Tukirudi kwa miguu, tukipanda mlima kuelekea nyumbani, akaanza mwenyewe kumzungumzia mama. Walifundisha shule moja walipokuwa vijana, akaniambia, na mama alikuwa akipita nyuma ya darasa la papa, akisikia kosa anaingia na kulisahihisha mbele ya wanafunzi.

"Ulikasirika?"

"Sana. Halafu nikamuoa."

Nyumbani aliomba bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, akala, akaomba tena. Jumamosi iliyofuata nilimkuta mlangoni amevaa kofia, ananiuliza kwa nini ninachelewa.