Kila Wakifungwa, Samaki

Juzi timu yangu ilifungwa tena dakika za mwisho. Nikaisukuma sahani, nikaanza kuzunguka sebuleni kama kuku anayetaka kutaga.

Nikaikumbuka alasiri moja kwetu Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Redio ya Baba ilikuwa ikikwaruza dirishani, bundu, ugali wetu wa muhogo, ukifuka mvuke, na samaki wa moshi akinukia karanga. Sisi watoto tulichovya mchuzi tu. Samaki alikuwa wa Baba. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Goli lilipoingia akaifokea redio: “Hawa batu beko banalala! Mama Masika, toa hii chakula!” Akatoka, akawa anakwenda na kurudi migombani. Mama akatugawia samaki wa Baba. Mimi Masika nilidhani timu ile iliundwa ili ifungwe, watoto tushibe. Nikawa naiombea ifungwe kila usiku kabla ya kulala.

Ndiyo timu hiyo hiyo niliyorithi. Siku hizi nahisi Mungu bado anazijibu zile dua.

Nilipogeuka, binti yangu alikuwa ameshaivuta sahani yangu, mdomo umejaa.

“Mama,” akaniuliza, “kesho batacheza tena?”