Tochi ya Shilingi Mia Tano

Minofu ya mbuta, samaki mkubwa wa ziwa letu, hupanda ndege. Hukatwa viwandani hapa Kisumu, ikalazwa kwenye barafu, na baada ya siku mbili iko kwenye sahani ya mtu ambaye hawezi kulionyesha ziwa letu kwenye ramani. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia. Hicho ndicho tunachoachiwa sisi tunaopigwa na upepo wa ziwa lenyewe. Tumekiita mgongo wazi, na tumejifunza kukikaanga vizuri hata wageni wanatusifu. Mimi sioni cha kusifu. Watu wanaokula mifupa ya samaki wao wenyewe wameibiwa mchana kweupe, na nitaanza na hilo ili mtu asije akasema baadaye kwamba ubaya ulianzia kwa Ajwang.

Ajwang amekaanga mgongo wazi mtaani Obunga kwa miaka kumi na minne. Alitoka Usenge, kule Yimbo, alikokuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, ndiyo maana wanawake wenzake humwita Nyar Yimbo, binti wa Yimbo. Mikono yake ina madoa meupe ya mafuta ya moto mpaka kwenye viwiko. Jiko lililo kando ya lake lilikuwa la Caren, mjane wa Uyoma, na karai zao zilikuwa karibu kiasi kwamba mmoja aliweza kugeuza samaki wa mwenzake bila kusimama. Walichangia chumvi na mtungi wa maji. Alfajiri walikwenda pamoja kwenye lori.

Lori lilikuwa la Byron. Lilifika saa kumi na moja, giza bado limetanda, likiwa limebeba kreti za mgongo wazi kutoka viwandani. Wauzaji wengine waliwaacha wanawake wapapase gizani na kulipa walichokishika. Byron alikuwa na tochi kubwa kama chupa ya maziwa, na aliishika mwenyewe, akiifuata mikono ya kila mwanamke.

"Angalieni vizuri, mama zangu," alikuwa akisema. "Mimi sifichi kitu."

Mwanamke aliinua shavu la samaki na kutazama matamvua, yale manyoya ya kupumulia yaliyo ndani. Mekundu ni ya leo, ya kahawia ni ya juzi, ya kijivu mpe mbwa. Katika mwanga wa Byron yote yalikuwa mekundu. Vitaa vya simu zao ndogo za kabambe vilimezwa na mwanga ule kama mate mtoni. Walimwombea Byron kanisani.

Kulipopambazuka, kando ya majiko, matamvua yalikuwa ya kahawia. Wakalaumu jua. Wakalaumu barafu ya kiwandani, wakalaumu maji ya mfereji. Hakuna aliyelaumu mwanga, kwa sababu mwanga ndio uliokuwa wema wa Byron. Wakaongeza pilipili, wakakaanga.

Wateja walianza kuumwa na tumbo. Na tumbo likimuuma mtu wetu bila sababu anayoijua, haulizi samaki alivuliwa lini. Anauliza nani alimtazama akila. Tuna jina la mtu wa namna hiyo, jasihoho, ambaye jicho lake hukifuata chakula mpaka tumboni. Nimesoma chuoni na watu wenye shahada mbili wanaoamini hivyo na hawaoni haya.

Macho ya Caren yalikuwa mekundu. Ya Ajwang pia, na ya kila mwanamke anayekaa kwenye moshi. Lakini Caren alikuwa mjane, na alikuwa na tabia ya kumtazama mteja mpaka amalize, ili ajue kama ataongeza.

"Nyar Yimbo, mimi nitakula kwako," alisema Opondo, mwendesha boda aliyekula hapo kila siku. "Lakini mwambie huyo jirani yako atazame barabara."

Ajwang alicheka. Kesho yake aliweka katoni kati ya karai yake na ya Caren.

"Hii ni ya upepo?" Caren aliuliza.

"Ya upepo."

Katoni haikusaidia. Ikafika wiki Ajwang akarudi nyumbani siku tatu mfululizo na nusu ya samaki. Mtaji wake wote ulikuwa bei ya kreti moja na mia moja juu. Mama anayekosa kreti siku mbili Obunga, siku ya tatu nafasi yake ina mtu mwingine.

Jumapili walikwenda soko la Kibuye. Ajwang alibeba ndoo ya vichwa vilivyolala, ampelekee mtu wa kufuga mbwa. Caren akaenda kutafuta vitunguu. Karibu na wauza nguo kuukuu alikuwepo mchuuzi mmoja, Calvince, amesimama juu ya kreti ya soda na tochi shingoni.

"Hii tochi iko na mwanga wa kufika Homa Bay. Iko na king'ora, iko na sumaku, iko na dira. Ukipotea ziwani unaangalia hapa."

"Dira inaonyesha wapi?" mwanamke mmoja akamuuliza.

"Inaonyesha kwa yule mwingine wa bwanako, Mama. Sukuma kidogo utamfikia."

Watu wakacheka. Ajwang akasema mchana huu hata kiberiti kinaonekana kizuri, atajuaje kama tochi ina mwanga? Calvince akaruka chini, akamvuta chini ya turubai penye kivuli, akamulika ndani ya ndoo yake. Shavu la kichwa cha juu lilikuwa wazi. Matamvua yalionekana kama majani ya chai yaliyochujwa.

"Hiyo ni nyeupe. Sasa hii ya pinki, ya besidei." Akabonyeza.

Matamvua yakawa mekundu, kana kwamba samaki ametolewa majini sasa hivi.

Ajwang aliinama. "Rudisha nyeupe."

Akarudisha.

"Weka pinki."

Akaweka. Alimrudisha hivyo mara nne.

"Mama, unanunua ama unaangalia sinema?"

Ajwang alikuwa bado anatazama ndoo. Ule wekundu hafifu aliujua. Alikuwa ameutazama kila alfajiri kwa miezi, akimshukuru aliyeushika.

"Ni ngapi?"

"Mia sita na hamsini. Kwa sababu ni wewe."

"Mimi unanijua wapi?"

"Sasa nimekujua. Mia sita."

Alishika fundo la leso yake lenye pesa. Akinunua, kesho atapata nusu kreti tu, na nusu kreti ni samaki wa kuisha kabla ya saa sita, na wateja wa jioni waende kwingine. Asiponunua, atanunua kreti nzima ya uoza kwa mwanga wa mwenye uoza. Nimeona watu wakijadili bajeti ya kaunti nzima bila kufikiri sana kama mwanamke huyu alivyofikiri juu ya kitu cha kuchezea watoto.

Caren alirudi na vitunguu Calvince akiwa amefungua king'ora, na taa za buluu zinawakawaka.

"Nyar Yimbo, umeandikwa polisi?"

"Naangalia tu."

"Mtu wa wajukuu wawili ananunua toi. Zima hiyo kitu, tutashikwa." Akageukia Calvince. "Wewe kijana, huyu hana pesa ya kuchezea. Mwanga tunapewa bure na Byron."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Ingetosha kumsogezea Caren ndoo na kubonyeza kitufe. Sijui kwa nini hakufanya, na nimekataa kumtafutia sababu nzuri.

"Ni ya choo," Ajwang alisema. "Usiku kuna nyoka." Akalipa mia tano.

Jumatatu alfajiri aliinama mlangoni mwa lori na kuwasha nyeupe. Katika duara dogo la mwanga wake aliona rangi halisi ya alichokuwa akiwalisha watu. Byron naye aliliona lile duara. Akazima tochi yake, wanawake wakanung'unika gizani, naye akainama sikioni mwa Ajwang.

"Zima hiyo."

"Nimeona."

"Najua umeona. Kreti za leo ziko mbele, upande wa dereva. Kuanzia kesho kuja mapema, kabla ya hawa. Utachagua na hiyo yako. Bei ni ileile."

"Na hawa?"

"Hawa wamelalamika?"

Ajwang aliangalia upande wa dereva.

"Leo chukua kreti nzima," Byron akasema. "Lipa nusu. Ni zawadi."

Ajwang akazima tochi yake. Nyuma yake Caren akauliza, "Imekufa betri?"

"Imekufa."

"Nilikuambia ni toi."

Baada ya hapo samaki wa Ajwang walikwisha kabla ya saa nane kila siku. Hakuna aliyeumwa. Opondo alikula, akaramba vidole, akaigusa ile katoni kwa ncha ya kiatu. "Hii ndiyo ilikuokoa. Sasa jicho halipiti."

Ajwang angeweza kucheka tena. Alikwenda kwa seremala akanunua ubao, akausimamisha mahali pa katoni. Ulikuwa mrefu kuliko Caren akiwa ameketi. Mtu aliyepita barabarani aliona ubao, akaona jiko la pili limejificha nyuma yake, akaelewa alichotaka kuelewa.

Caren sasa alipata kreti zilizobaki kabisa, maana nzuri zilikuwa zimeondoka kabla hajafika. Wateja wake walikuwa watano, kisha wawili. Jioni moja akasimama mwishoni mwa ubao.

"Dada, kama umeitia betri, niazime ile tochi kesho. Samaki wangu wana kitu. Nataka kuwaangalia na mwanga mwingine, si wa Byron."

"Kuja uichukue palepale kwa lori," Ajwang alisema.

Lile ombi lilimkosesha usingizi, hili alikiri mwenyewe baadaye kwa mtu aliyeniambia. Caren akiona, atapiga kelele, maana Caren si mtu wa kununuliwa kwa nusu kreti. Wanawake wote watajua. Byron atahamia mtaa mwingine, na hakutakuwa na kreti za upande wa dereva. Aliyapima hayo usiku kucha, na alfajiri alikuwa ameamua.

Alimkabidhi Caren tochi gizani ikiwa imeshawashwa. Kidole chake kilikijua kitufe: mara moja nyeupe, mara mbili pinki. Alikuwa amebonyeza mara mbili.

"Usiguse hapa tena, kunaharibika."

Caren aliinua mashavu ya samaki kumi, kumi na tano. Aliangalia kama mtu anayesoma barua ya hospitali. Wengine walimwambia aharakishe, naye hakuwasikia. Kisha akanyooka.

"Ni wazuri," alisema polepole. "Wote ni wazuri."

Akalipia kreti nzima kwa pesa za mwisho alizokuwa nazo. Akaifuta tochi kwa leso kabla ya kuirudisha.

"Asante, Nyar Yimbo. Sasa najua si samaki."

"Si samaki," Ajwang alisema.

Siku hiyo mafundi wanne wa mjengo walikula kwa Caren, na wanne wote walilala zahanati. Hakuna aliyempiga. Laiti wangempiga, angekasirika, na mtu aliyekasirika hutafuta ukweli. Walimjia kwa upole, wanawake watatu na Opondo, wakamwambia hawamlaumu, mtu hazaliwi ametaka jicho la namna hiyo, lakini watoto wanapita hapa. Ajwang alisimama nao. Walipomtazama aseme neno, alisema, "Mimi niliweka ubao, sikusema kitu."

Caren hakubisha. Alikuwa amewakagua samaki mwenyewe, kwa mwanga wa rafiki yake. Kwa siku mbili alikuja kazini amevaa miwani nyeusi, ile ya bei rahisi ya kando ya barabara, akikaanga kwa kusikiliza mafuta. Akaungua kifundo cha mkono. Watu walisimama mbali wakamcheka, wakamwita askari wa msafara wa gavana. Siku ya tatu hakuwasha moto.

Alisema anarudi kwa kaka yake kule Luanda Kotieno, atafute kazi isiyogusa chakula cha mtu. Kule pwani ya ziwa kila kazi ni samaki, na kila mtu aliyemsikia alilijua hilo. Hakuna aliyemwambia.

Ajwang alinunua jiko na karai ya Caren kwa nusu ya bei. Caren akamshukuru, kwa kuwa wengine hawakutaka hata kuvigusa. Alasiri hiyohiyo ubao uliondolewa, majiko mawili yakasogezwa yakawa duka moja, na Ajwang akaacha moto ukiwaka amsindikize mwenzake stendi akiwa amembebea godoro kichwani. Njiani walizungumza juu ya bei ya vitunguu.

Caren alipata kiti cha dirishani. Mama aliyeketi kando yake alitoa ndizi kwenye mfuko, akaanza kuimenya. Ajwang, aliyekuwa bado amesimama nje, alimwona Caren akigeuza uso haraka dirishani, akafumba macho, akabaki ameyafumba mpaka gari likaondoka.