Ng'ombe wa Nyuma ya Jumba

Majira yetu ya kwanza ya baridi Louisville, Marekani, mama aliyamaliza dirishani. Mimi nilikuwa nikipakia masanduku kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, na kila niliporudi nilimkuta palepale, shali mabegani, akiangalia magari yaliyoegeshwa kama vile kuna mtu aliyemwahidi kupita. Hakuwa mgonjwa. Alinyamaza tu.

Miti ilipoanza kuchanua, mama mmoja Mmarekani wa kanisa lililotupokea alitualika twende Jumamosi kwenye jumba la zamani nje ya mji, ambako yeye hutembeza wageni. Nilidhani mama atakataa. Akavaa kitenge chake cha kanisani, akatangulia kwenye gari langu.

Tulipoyapita maghala, nchi ikaanza kupanda na kushuka polepole, kijani kitupu, ukungu bado umelala mabondeni. Mama akashusha kioo. Harufu ya majani mabichi ikaingia, naye akafumba macho.

Jumba lilikuwa la matofali mekundu, na ndani mlinuka nta na mbao kuukuu. Sakafu ililia chini ya miguu yetu. Mwenyeji wetu, yule Mmarekani aliyekuwa akitungoja mlangoni, alituonyesha vitanda virefu vyenye mapazia, vyombo vya udongo vilivyovuka bahari, ngazi iliyojipinda kama moshi. Mimi nilitafsiri. Vioo vya madirisha vilikuwa vya zamani sana, havikunyooka, hata ukitazama nje malisho yalikuwa yakicheza kama yako chini ya maji. Mama alisimama kwenye kimoja, akakataa kuondoka.

"Kule kuko ng'ombe," akasema.

"Ndiyo, mama. Twende tuone vyumba vya juu."

"Bon, sawa, nendeni ninyi."

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Tukamfuata. Njiani palikuwa na kibanda cha matofali chenye mlango mfupi, na mama akauliza ni cha nani. Mwenyeji wetu akapunguza sauti, akasema humo walilala watumwa waliopika na kulima, na kwamba majina yao mengi hayajulikani. Nilipomaliza kutafsiri, mama aliinama, akaingia. Aliweka kiganja ukutani na kuwaombea, kwa lugha ya kwetu, taratibu, kama anayeombea jamaa. Sisi tulibaki mlangoni. Mwenyeji wetu alikuwa ameinamisha kichwa.

Kisha mama akaenda hadi kwenye uzio. Ng'ombe walikuwa mbali, weusi, wamelala kwenye ukungu. Akaita. Tangu tuondoke milima ya Itombwe, kule Kongo, sikuwa nimeisikia sauti ile, ndefu, inayopanda na kukatika ghafla, sauti aliyoitumia jioni za utoto wangu. Ng'ombe mmoja akainua kichwa. Akasimama. Wengine wakasimama nyuma yake, wakaja wakitembea bila haraka, mpaka nikasikia pumzi zao. Wa mbele akanyoosha ulimi, akaulamba mkono wa mama, na mama akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo upande wa kushoto.

"Amewaambia nini?" mwenyeji wetu aliniuliza, machozi yakimlengalenga.

Nikamuuliza mama.

"Nimewasalimia tu," akasema. "Nimewauliza kama wamelala vizuri."

Tulikaa pale hadi ukungu ukaisha. Vyumba vya juu hatukuviona kamwe.

Wakati wa kurudi mama alianza kuongea kabla hatujafika barabara kuu. Alinisimulia habari za ng'ombe aliokuja nao alipoolewa, mmoja mmoja kwa jina: aliyekuwa mkaidi, aliyekuwa na maziwa mengi, yule wa rangi ya asali ambaye baba alimfungulia mlango wa zizi asubuhi tuliyokimbia, ili asife amefungiwa. Hayo sikuwahi kuyasikia. Nilipitiliza njia ya kwetu makusudi, nikaendelea kuendesha kando ya mto, naye hakuuliza tunakwenda wapi.