Dawa Nilizoziacha Baada ya Kushuhudia

Nawasalimu nyote, wazima na wanaokohoa. Mimi ni Mama Tabitha wa Kaloleni. Kuna jambo nililosema mbele za watu, nalo lilikaribia kuniua na kumuua mtu mwingine pamoja nami. Ndiyo maana sichoki kulisimulia.

Nilizaliwa humu humu Kaloleni. Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Tulilala watoto sita chumba kimoja, lakini nje kulikuwa na uwanja wa nyasi, na tulicheza huko mpaka tunaitwa kwa majina yote matatu. Jumamosi mama alinishika mkono tukaenda kusugua viti vya kanisa na kundi la akina mama wenzake. Nilipokuwa mtu mzima nikaingia kundi lile lile la akina mama, na mama alipofariki nikapewa kazi yake ya kuongoza ziara za wagonjwa.

Jumapili baada ya ibada tulibeba chupa ya chai na mandazi, tukaenda nyumba kwa nyumba. Desturi yetu ilikuwa kutobisha hodi. Tulisimama mlangoni tukaimba ubeti mmoja mzima, polepole, ili mgonjwa apate nafasi ya kujifunga leso, kusukuma beseni chini ya kitanda, na kufuta machozi kama alikuwa analia. Mama ndiye aliyenifundisha hivyo. Siku zile bado nazitamani. Tulikuwa wengi, magoti yetu yalikuwa mazima, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kurudi kwa simu yake.

Kikohozi changu kilianza msimu wa baridi. Nilisema ni vumbi la kusugua viti. Wiki ya tatu nikasema ni baridi. Wiki ya sita sikuwa na kingine cha kusingizia. Jasho lilinitoka usingizini mpaka shuka ikalowa kama imetoka kwenye karai. Sketi yangu ya sare ilizunguka kiunoni, nikaibana kwa pini. Na bado niliongoza ziara, mpaka ikafika mahali wagonjwa wakawa wananipa pole mimi. Niliona fahari kwamba siachi kazi ya Mungu. Leo naona aibu, maana nilikuwa nawakoholea watu waliolala hoi.

Binti yangu Tabitha ndiye aliyenivuta.

"Mathe, umeisha," aliniambia. "Leo tunaenda hosi, na sitaki story za kanisa."

Kliniki nilipewa kichupa nikateme makohozi ndani yake. Muuguzi wa pale ni dada mfupi mwenye sauti kubwa. Majibu yalipotoka aliniita chumbani.

"Ni kifua kikuu, mama. Kinatibika. Miezi sita, kila siku, bila kuruka hata moja. Nani atakuwa anakuona ukimeza?"

Tabitha huondoka kwenda kazini alfajiri, kwa hiyo nikamtaja jirani yangu, Mama Zuhura. Ni Mwislamu, watu wao walitoka Mombasa zamani, na duka lake hufunguliwa mapema kuliko yote ya mtaa wetu. Alikubali kabla sijamaliza kumweleza. Kila asubuhi niliingia dukani kwa mlango wa nyuma, nikameza vidonge, naye akanikagua.

"Funua kinywa, shoga. Chini ya ulimi je? Haya, sasa kaa upumzike."

Dawa zile si mchezo. Mkojo ulikuwa rangi ya chungwa, na siku ya kwanza nilipiga kelele nikidhani navuja damu. Kichefuchefu kilinishika mpaka adhuhuri. Vifundo vya miguu viliuma. Lakini wiki baada ya wiki kikohozi kilipungua, na mwisho wa mwezi wa pili nikala ugali mzima na kuomba mwingine. Pini ya sketi nikaitoa.

Jumapili iliyofuata nilisimama kushuhudia. Kwetu wakati wa ushuhuda ni wakati mtamu. Ukianza kusema, watu wanakusukuma mbele kwa makofi. Nilinuia kusema tu kwamba naendelea vizuri. Lakini makofi yalipozidi, nilijisikia nikipaza sauti: "Sina ugonjwa tena! Bwana ameniponya, na kliniki sirudi!"

Kanisa lilisimama. Wengine walilia. Nami nilirudi nyumbani nimefungwa na maneno yangu. Ningemezaje vidonge asubuhi baada ya kusema vile? Niliona kila kidonge kingenifanya mwongo mbele za Mungu na mbele za akina mama wenzangu. Nikaviweka juu ya kabati nikavifunika.

Mama Zuhura alinifuata hadi mlangoni. Nikamwambia nimepona.

"Alhamdulillahi," alisema. "Kwani kliniki wamesema hivyo?"

"Wewe huwezi kuelewa mambo ya imani yetu," nilimjibu.

Alirudi dukani kwake taratibu. Neno lile bado linaniuma.

Miezi mitatu nilikuwa mzima, au nilijiaminisha hivyo. Kisha kikohozi kikarudi, mara hii kikiwa na damu. Niliitema kwenye kitambaa cheupe cha kichwa nilichokuwa nimevaa kwenda kusugua viti, nikaketi pale sakafuni kanisani. Niliogopa kufa. Nilimwogopa zaidi yule muuguzi.

Kweli alinigombeza, na kliniki nzima ikasikia. Alipomaliza akachukua makohozi upya ili waone kama dawa za mwanzo bado zingefanya kazi, akaniambia ningoje nje.

Kwenye benchi nilimkuta mtu ninayemfahamu, Baba Joshua, anayesali nasi. Alikuwa akikaa mtaa wa Mukuru kwa Reuben na kufanya kibarua cha kupakia magunia kiwandani. Sikuwa nimemwona kwa wiki kadhaa. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na alihema kwa mabega.

"Hata wewe?" nilimuuliza.

"Nilikuwa kwa dawa kama wewe, Mama," alisema. "Ile Jumapili ulisimama, nikasema kama Mungu amemtoa Mama Tabitha, mimi nakosa imani gani? Nikaacha siku hiyo hiyo."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Nilitamani benchi lile linimeze.

Majibu yangu yalikuwa ya huruma: dawa zile zile zingefaa, ila nianze kuhesabu siku upya. Yake yalikuwa mabaya. Ugonjwa ulikuwa umezizoea dawa za kawaida, ikabidi apewe nyingine kali, za muda mrefu zaidi, naye azimeze kliniki mbele ya muuguzi.

Nilimwendea mchungaji, nikamweleza yote. Akasema, "Mama, Mungu hakuwa amemaliza. Wewe ndiye ulimaliza." Nikamwomba nafasi ya kushuhudia tena.

Jumapili hiyo, nikiwa na barakoa usoni, nilisimama nje ya dirisha la kanisa nikasema kutoka pale. Niliwaambia nilidanganya, kwamba niliacha dawa kwa kulinda jina langu, na kwamba nimemponza ndugu yetu. Hakuna aliyepiga makofi. Mwimbishaji alifungua kitabu, akakifunga, hakujua aanze wimbo gani. Lakini baada ya ibada watu watatu walinisogelea kwa mbali, mmoja akiuliza saa za kliniki "kwa ajili ya rafiki".

Asubuhi yake nilikwenda na vidonge kwa Mama Zuhura nikamwomba radhi. Alivuta kigoda, akaleta maji. "Meza kwanza," alisema. "Radhi tutaongea ukishapumzika."

Tangu siku hiyo, nikitoka dukani nilitembea hadi kliniki nikaketi na Baba Joshua. Dawa zake zilimtapisha, na miguu ikafa ganzi. Mara nyingi alisema, "Leo sirudi tena, Mama." Sikuwa na la kumhubiria. Nilimshikia beseni, nikamfuta kinywa, na kesho yake nikawa pale. Maisha yangu yote nilidhani uvumilivu ni kukaa na mgonjwa Jumapili mchana. Sikujua kuna wa Jumanne, na Jumatano, na Alhamisi, usio na wimbo wala anayekuona. Dawa zangu ziliisha, nami nikaendelea kwenda.

Amemaliza zake mwezi uliopita. Yu hai, namshukuru Mungu kwa machozi. Lakini pafu moja halikurudi kama zamani. Magunia hawezi tena. Anauza mboga, na akipanda ngazi hupumzika mara mbili. Mimi humngoja juu, nikijua sababu.

Namshukuru Mungu, Tabitha, yule dada wa sauti kubwa, na Mama Zuhura aliyeielewa imani kuliko mimi. Kwako unayesoma: shuhudia, lakini meza. Na kama uliacha dawa kwa sababu yangu, au ya mtu kama mimi, rudi. Usingoje aibu iishe kwanza. Kliniki watakugombeza kidogo, kisha watakuandikia dawa upya.