Nyasi Hukaa Ndani ya Tuta

Siku ya kwanza kazini niliripoti kijijini Pito na jembe langu mwenyewe, maana mradi wa kubadilishana vijana ulikuwa bado haujanunua. Mimi ni wa darasa la saba. Cheo changu kiliitwa mwelekezi wa shamba, yaani kuwafundisha vijana wa Ulaya jinsi sisi Wafipa tunavyolima na kuishi. Kila mwaka walikuja wanane kutoka Denmaki, wakalala majumbani mwetu. Baadaye kijana wetu mmoja alipelekwa kwao miezi mitatu, naye akawaonyeshe ya kwetu.

Mratibu alikuwa Bwana Gaudensi Mwanandota wa Katandala. Namtaja kwa jina, mwenyewe alipenda kutajwa. Siku hiyo aliniambia mbele ya watu, "Kalisto, ukiwafundisha hawa vizuri, safari ni yako." Nikalishika neno hilo.

Enzi hizo ndipo soko huria lilipoingia. Mbolea ya bei nafuu ya serikali ilikuwa imekoma, wengi wakarudia intumba, matuta ya duara ya wazee wetu. Mvua zinapokaribia kuisha unakata udongo pamoja na nyasi zake, unaugeuza, unaurundika mpaka unafika magotini. Nyasi zote zinakaa ndani, zinaoza. Juu unapanda maharage. Msimu unaofuata unalivunja tuta, unalitawanya, unasia ulezi. Hiyo ndiyo mbolea yetu.

Wageni walijifunza. Msichana mmoja, Karen, alitoka malengelenge mikononi na hakuacha. Mama yangu alimfundisha kupiga magoti na makofi anapoamkia wakubwa, akawa anampigia magoti hata Oresti, mpwa wa Mratibu, aliyekuja shambani na viatu vya kung'aa. Nikamwambia huyo mshikaji tu, asimpe heshima za bure. Tukacheka, na Oresti naye akacheka.

Orodha ya safari ilipotoka, jina lilikuwa la Oresti. Nikamfuata Mratibu ofisini. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa.

"Kiingereza chako kikoje, Kalisto?"

Nikamjibu kwamba tuta halitengenezwi kwa Kiingereza.

"Basi baki na matuta yako."

Oresti akaenda. Huko aliombwa atengeneze tuta moja. Hakuwa amewahi kulima. Akarundika udongo, akaufunika juu kwa nyasi, mizizi na yote, kama anayeezeka kibanda. Wenyeji wake wakalichora, wakalitia kwenye kijitabu cha kuwaandaa vijana wa mwaka uliofuata.

Hao walifika Pito na kijitabu mkononi. Nilipoanza kugeuzia nyasi ndani, wakatazamana, wakamuuliza Mratibu kama nimekosea. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Amezaliwa huku huku, alijua. Kisha akanivuta pembeni.

"Fanya kama ilivyochorwa. Safari ya mwaka huu bado haina mtu."

Nikafanya. Shamba zima.

Nyasi zilizokaa juu haziozi, zinachipua. Msimu wa ulezi ulipofika shamba lilikuwa pori, na ulezi wenyewe ulimezwa. Kundi jingine la wageni lilikuta hali hiyo, likaandika kwamba matuta ya Ufipa hayafai. Mradi ukaacha kuyafundisha, vijana wetu nao wakayadharau, na mimi mwelekezi nikawa sina kazi. Safari yenyewe ilikwenda kwa mtu mwingine, hata sikuuliza nani.

Sasa ninyi vijana mnaniuliza kwa nini wenzenu wengi hawajui kutengeneza intumba. Wa kwanza wa kulaumiwa ni Gaudensi. Wa pili ni Oresti, ambaye leo anauza mbolea ya dukani Katandala, na wateja hawamwishi. Hao nimewataja miaka yote, hata kanisani nimewataja.

Wa tatu nilikuwa simtaji. Mchoro waliuleta wao, lakini jembe lilikuwa langu, nililokuja nalo siku ya kwanza.